Mafuta ya Mkia Chini ya Faiba

Hodan, aabo, binti yangu,

Salaam nyingi zikufikie, ingawa uko hapo Bulla Iftin tu. Umetoka na hooyo, mama yako, baada ya adhuhuri kwenda kuwaaga shangazi zako, na mimi nawajua dada zangu. Hawatakuachilia kabla ya magharibi, na kila mmoja atataka unywe chai ya kwake, tena kikombe cha pili. Kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu. Nimekaa bandani kando ya mto na daftari lako la zamani la shule, na kayaki yetu iko mbele yangu juu ya magogo yake mawili.

Kesho asubuhi unapanda basi la kwenda pwani, kuanza mafunzo ya kazi ya vyombo vya majini. Utingo alikuja jana akaipima kayaki kwa hatua zake, akasema itakaa kwenye keria bila shida. Ulifurahi mpaka ukamkumbatia ayeeyo, bibi yako, akadondosha tasbihi. Mimi nilinyamaza, nawe ukadhani nimenyamaza kwa huzuni. Huzuni ipo, sikatai. Lakini sikunyamaza kwa ajili hiyo. Kuna jambo kuhusu kayaki hii ambalo sijakwambia, na kuna jingine la zamani zaidi lililolizaa hili, na hilo nalo sijakwambia. Nikikuacha uipeleke baharini bila kuyajua, nitakuwa nimekukalisha juu ya uongo wangu.

Mambo ya chakula, simu, swala na watu wa kuwaepuka siyagusi. Hooyo yako ameyasema wiki nzima, na asipochoka yeye mimi nitaongeza nini?

Nakuandikia kwa Kiswahili, na usicheke. Nyumbani tunaongea Kisomali, lakini Kisomali changu ni cha ngamia. Nina maneno ya ngamia aliyezaa jana, ya anayekataa kukamuliwa, ya anayewatangulia wenzake kisimani. Neno la mkuku wa mashua sina. Kazi hii niliipokea kwa Kiswahili kutoka kwa Mzee Komora, na mpaka leo nikitaka kuisema sawasawa inanitoka kwa Kiswahili. Heri leo ni karatasi. Nikisema plastiki kwa mdomo inatoka "blastiki", nawe unajikunja kwa kicheko hadi ayeeyo anauliza kama tumbo linakuuma.

Nilikuja mtoni nikiwa na umri kama wako sasa. Ukame ulikuwa umetumalizia ngamia kule nje ya Habaswein, mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa yule jike aliyevaa koor ya baba yangu. Koor unaijua, ni ile kengele ya mti iliyotundikwa mlangoni kwetu. Baba aliichonga mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kumvisha ngamia alinitaka niigonge kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Koor ikipata ufa, hata ambao jicho halioni, sauti yake inazimika, na ngamia akipotelea vichakani hutamsikia. Yule jike alipokufa niliivua shingoni mwake, nikaitia mfukoni, nikapanda lori la ng'ombe hadi Garissa. Sikuja na kitu kingine cha maana.

Jamaa zangu waliingia kwenye biashara ya nguo, wengine wakapata kazi za ulinzi. Mimi nikateremka mtoni. Kwa nini, hata leo sijui vizuri. Nadhani nilikuwa nimeona kiu nyingi mno, nikataka kukaa mahali ambapo maji yanapita tu bila kuombwa. Watu wa kwetu walinicheka wakachoka. Walisema mtoto wa wafugaji amegeuka chura, na mjomba wangu mmoja kila tulipokutana sokoni alikuwa akiniuliza kama nimeshaota mkia.

Mzee Komora alikuwa Mpokomo wa vijiji vya chini, mwembamba, mkavu wa maneno, akivusha watu na ndizi kutoka mashamba ya ng'ambo. Alinipa kata nichote maji yaliyoingia mashuani. Mwezi mzima hakuniambia ila "chota" na "acha". Nilipoanza kujua kushika tezo ndipo akaanza kunifundisha, na hata hapo alifundisha kwa kunivuta sikio kulielekeza kwenye ubao. Alikuwa na desturi moja ambayo niliiona ya kizembe. Nje ya mashua alipaka rangi, lakini ndani hakupaka kamwe. Aliacha mti mtupu. Nilimwambia ingependeza ikipakwa pia. Akaniuliza, ikianza kuoza nitaionaje? Nikaona ni mzee tu, amezoea umaskini.

Sasa nikupeleke kwenye mafuta.

Jilaal moja, kile kiangazi kikali, tuliivuta mashua mchangani kwa matengenezo, na jua la hapa unalijua. Wiki mbili tu mbao zikaanza kupasuka. Niliziangalia zile nyufa nikamkumbuka mama yangu. Ayeeyo yako hakuwahi kuruhusu chombo chake cha maziwa kipasuke. Kila dhiil ya kwake aliipaka mafuta ya mkia wa kondoo, yaliyopashwa moto kidogo, akaisugua kwa kiganja mpaka mti ulewe. Basi nami nikaenda machinjioni, nikapata mikia, nikaiyeyusha, nikaipaka mashua nzima ndani na nje. Komora alipokuja alinusa hewa akauliza ni nani anayeoa.

Lakini haikupasuka, wallahi. Mti uliyanywa yale mafuta ukawa mweusi na laini, na mwaka ule mashua yetu ndiyo pekee pale kivukoni iliyokaa siku nzima bila kuchotwa maji. Komora hakunisifu, hiyo haikuwa tabia yake, ila jilaal iliyofuata alifika asubuhi na mkia wa kondoo mkononi akanikabidhi bila neno. Sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko kile. Na hapo ndipo nilipoharibika, aabo. Nilikuwa nimepata jambo moja sawa, nikaanza kutembea mjini kama vile mti niliuumba mimi.

Miaka ikapita, nikaoa, ukazaliwa. Komora alizeeka, akaniachia mashua, akawa anavuka kama abiria tu kwenda kuangalia ndizi zake. Kisha akaja fundi mmoja kutoka pwani kutengeneza boti ya ofisi fulani hapa mjini. Nilikaa siku tatu namtazama. Alikuwa na mkeka wa nyuzi nyeupe za kioo, akiulaza juu ya boti, akiulowesha kwa gundi ya resini, na kufikia alasiri ule mkeka umekuwa gamba gumu linalong'aa. Faiba. Niliona miujiza. Nilinunua mabaki yake yote.

Komora alipouona ule mkeka bandani aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mafuta umeyatoa?"

"Nimeyatoa," nikamjibu.

Nilikuwa nimepangusa kwa kitambaa chenye petroli, asubuhi moja. Mti uliokunywa mafuta ya kondoo miaka kumi haupanguswi kwa kitambaa. Ulipaswa kukwanguliwa, kupigwa randa, na mbao nyingine kung'olewa kabisa. Resini haishiki kwenye mafuta. Inakauka vizuri, inang'aa vizuri, lakini imekaa juu ya ubao kama kofia tu. Nilikuwa sijui? Nilijua nusu, na ile nusu nyingine sikutaka kuijua, kwa kuwa mvua za deyr zilikuwa zinakaribia na nilitaka watu wa kivukoni waione mashua yangu. Niliipaka rangi ya buluu nje. Ndani pia niliipaka, Hodan. Ndani pia.

Hadithi ya ile siku unaijua. Yaani unaijua nilivyokusimulia. Kwamba gogo kubwa lilitugonga katikati ya mto, mashua ikapinduka, na baba yako akajitupa majini akakushika kwapani akaogelea hadi ukingoni. Umeisimulia shuleni. Umeiandika hata kwenye barua ya kuomba nafasi huko unakokwenda, ukaandika kwamba ulipenda vyombo vya majini kwa sababu ya mikono ya baba yako. Ulinisomea barua hiyo kwa sauti, na mimi nikakaa pale nikinywa chai.

Hapakuwa na gogo.

Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unakwenda kwa nguvu. Tulikuwa wewe, hooyo yako, Komora na mimi kwenye kafi. Katikati kabisa nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa dukani. Faiba ilikuwa imeinuka pale omo, mbele ya mashua, maji yakaingia chini yake, na gamba lote likafunguka upande mmoja likageuka tanga ndani ya maji, likatuvuta ubavu. Mbao zilizokuwa chini yake zilikuwa zimeoza. Maji yalikuwa yamelala kati ya faiba na mti miezi yote ile, na kwa ile rangi yangu ya ndani sikuona kitu. Mashua ililala, sote tukaingia mtoni. Hooyo yako alidaka mtungi mtupu wa njano. Mimi nilishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili.

Sijui kuogelea. Mpaka leo sijui. Ulikuwa na miaka sita, umevaa gauni jekundu, na nililiona linakwenda na maji, na mikono yangu haikuachia ule ubao. Niliiambia iachie. Haikuachia.

Aliyekufuata ni Komora. Mzee yule, na mifupa yake ile. Alikushika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akadaka mzizi wa mti ukingoni, na maji yakauvuta mkono ule hadi bega likatoka mahali pake. Halikurudi sawasawa tena. Hakushika tezo tena maisha yake yote. Mimi mashua iliponipeleka kwenye mchanga chini kidogo, nilikimbia nikakuchukua kutoka kifuani mwake, na watu walipofika walinikuta nimekukumbatia, na yeye amelala chini anapumua. Wakasema, mashallah, baba kamwokoa binti yake. Nikawaacha waseme. Baadaye nikaanza kusema nao.

Hooyo yako anajua ni nani aliyekutoa majini. Hajawahi kunisahihisha mbele yako hata siku moja, na hilo huniuma kuliko kama angenisema. Habari ya mafuta hata yeye haijui.

Siku ya pili Komora alikuja kivukoni mkono umefungwa kwa leso. Kipande cha faiba cha buluu kilikuwa kimekwama kwenye tope. Alikiokota, akakigeuza, akakinusa upande wa ndani. Kisha akaniangalia. Nilingoja. Angenitukana ningeshukuru. Akakitupa mtoni, akageuka, akaenda zake. Baada ya mwezi alihamia kwao huko chini, na aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Nilikuwa na miaka mitatu mizima ya kupanda gari na kwenda kumwambia. Nilikwenda siku ya maziko. Waliniomba nimzungumzie kama mtu wa kazi yake, nikasema alijua mbao kuliko mtu yeyote wa mto huu, nikakaa chini.

Hilo ndilo la zamani. Sasa hili letu.

Mwaka huu uliopita ulikuwa mzuri kuliko mingi niliyoishi. Wewe ukisoma michoro kwenye simu, mimi nikibishana na simu. Zile mbao nyembamba za plaiwudi ulizokata, tukazitoboa kando na kuzishona kwa waya, na mimi nikisema kitu kinachoshonwa ni viatu, chombo kinapigwa misumari. Ulinishinda. Halafu ile siku ayeeyo alipotoka ndani akauona mzingo wa pale unapokaa, akasema sisi wawili hatujui kupinda fito. Alizilowesha, akazipinda kwa goti, akazifunga kwa kamba kama alivyokuwa akifunga mbavu za aqal, nyumba yetu ya fito, enzi za kuhama, akaziacha juani kwa siku mbili. Mzingo ule hauna kasoro. Ukitaka kujua chombo cha mifupa ya fito kilichovikwa ngozi kinajengwaje, kuna watu huko pwani watakueleza kwa maneno mengi, lakini umeshaona mikono inayojua. Bibi yule alihamisha nyumba nzima juu ya ngamia mara ngapi, na haikuvunjika ufito.

Kisha ukaenda Nairobi kwa mafunzo yako ya wiki mbili, na mimi nikaenda Habaswein kumzika binamu yangu. Kayaki ilikuwa imeshonwa na kugundishwa, inangoja faiba. Niliporudi, kabla sijafika bandani, niliisikia harufu.

Ayeeyo alikuwa amekaa kando yake, viganja vinang'aa.

"Nimeipaka, isije ikapasuka," akaniambia. "Mtoto ataikalia."

Ungekuwapo ungemwona uso wake. Alikuwa ameipaka tumbo lote, kwa upendo, mara mbili. Nilijua siku ileile cha kufanya. Zile mbao za chini zilipaswa kung'olewa na kutupwa, tuanze upya. Ulikuwa unarudi kesho yake. Ningekwambia, naye angejua ameharibu chombo cha mjukuu wake, na mtu wa umri wake ukimvunja moyo huna muda wa kuurudisha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikasugua msasa siku nzima, nikapangusa kwa thina. Uliporudi uliniuliza, "Aabo, mbona mti umebadilika rangi?" Nikakujibu ni jua.

Jua! Mtu yuleyule, na kitambaa kilekile.

Miezi minne umeipiga kafi mtoni na haijavuja tone. Mto wetu ni tope na maji ya polepole, unasamehe. Bahari siijui, nimeiona mara mbili tu na zote nilikaa mbali nayo. Lakini wanaoijua wanasema kuna matumbawe chini na mawimbi juu, na chombo kinapigwa mchana kutwa, na ukingo haupo karibu. Leo mlipoondoka nilikunja mikono ya shati nikaigonga kayaki kwa kifundo cha kidole, kama koor, kutoka omo hadi tezi, kiganja kwa kiganja. Ilijibu vizuri. Ilijibu vizuri mpaka nyuma ya kiti chako, upande wa kushoto. Hapo sauti ikazimika.

Ni pa ukubwa wa sahani tu. Na shetani ni mwepesi, aliniambia hivyohivyo, ni sahani tu. Nilizunguka banda mara kadhaa. Kisha nikachukua kisu nikakata. Faiba ilitoka nzima mkononi mwangu kama utando wa maziwa. Mti wa chini bado haujaoza, ila unang'aa.

Kwa hiyo kayaki haiendi, Hodan. Sasa ina dirisha, na hata ukikasirika huwezi kuifunga kwenye keria. Nilikata makusudi pale pale pasipoweza kufichwa, kwa sababu najijua.

Ulinieleza huko watakupa kuchagua chombo cha kufanyia kazi mwaka wa kwanza, na za plastiki ulizidharau, ukaziita beseni. Chukua beseni. Plastiki ile ni ndugu ya tangi letu la maji lililo nje ya jikoni, imetengenezwa kwa namna ileile, kipande kimoja ndani ya kalibu, bila kiungo hata kimoja. Tangi lile limeanguka kutoka kwenye mkokoteni, limepigwa pembe na mbuzi wa jirani, na bado tunakunywa. Ni nzito, nakubali, mabega yatakuambia. Ila ikiburuzwa juu ya matumbawe inachubuka tu. Adui wake ni jua. Unakumbuka tangi la kwanza, lile lililopauka likawa kama limepakwa unga, halafu siku moja likapasuka lenyewe bila kuguswa? Ukiona kayaki ya plastiki imepauka hivyo, pitisha kucha, na ikiacha unga mweupe waachie wenyewe. Yako iweke kivulini kila siku, na usiilaze juu ya kitu kimoja cha ncha mchana wa joto, itabonyea. Na ikipasuka usimkubali fundi wa gundi, maana gundi haiipendi plastiki ile. Inayeyushwa na kuungwa kwa moto, kama alivyofanya yule wa matangi.

Za faiba ni nyepesi na zina mwendo, najua moyo wako uko huko. Utazifikia. Zina sifa moja ambayo plastiki haina, kwamba zinatengenezeka miaka na miaka, ilmradi aliyezitengeneza alikuwa mkweli. Wewe gonga. Gonga tumbo lote, hata mwenyewe akikucheka. Penye sauti iliyokufa, uliza. Uliza iliwahi kuvunjika wapi, na aliyeitengeneza alianza na nini, kwa sababu kila mtu atakuonyesha gamba la juu na hakuna atakayekuambia alipaka juu ya nini. Zile kuta mbili za ndani zinazokata chumba cha hewa mbele na nyuma, usiamini kwamba zipo kwa sababu umeambiwa zipo. Mimina maji chumba kimoja, inamisha, ungoje uone kama yanatokea kingine. Na ukimpata fundi asiyepaka rangi ndani, kaa karibu naye. Nilimpata mmoja nikamwona mzembe.

Siku utakapojenga ya kwako mwenyewe utakosea, na sikuombei usikosee. Ninachokuombea ni kwamba siku mtu atakapokuuliza kama mafuta umeyatoa, uwe huwezi kusema ndiyo kama hujayatoa.

Ayeeyo usimwambie. Yeye alifanya anachokijua, na alikuwa sawa kwa mti na sawa kwa maziwa. Mimi ndiye niliyejua habari ya faiba. Nitamwambia utingo ameikataa, ni ndefu. Ona, uongo mwingine umeshatoka na wino haujakauka. Basi la, nitamwambia mwenyewe, polepole, baada ya wewe kwenda, na nitakaa naye. Kisha nitang'oa zile mbao za chini moja moja, na mzingo wake nitauhifadhi, utaingia kwenye nyingine.

Jua limeshuka kwenye miti ya ng'ambo na nawasikia punda wanarudi kutoka mtoni, kwa hiyo nanyi mko karibu. Barua hii nitaiweka juu ya mkoba wako uione kabla ya kulala. Kile kipande nilichokikata leo nimekifunga humu ndani kwa gazeti. Komora alikinusa cha kwake akakitupa, akaninyima neno, nami nimeishi na kunyamaza kule tangu ukiwa na miaka sita. Wewe usininyime. Kigeuze, ukinuse upande wa ndani. Halafu toka nje, nitakuwa nimekaa mlangoni chini ya koor, uniambie lolote ulilonalo, hata likiwa kali. Uniambie kabla ya basi.

Mimi aabo wako,
asiyejua kuogelea.